UZI: Pushapu kwa kila mwili, kuanzia ukutani hadi begi mgongoni

Mkufunzi wa Uwanjani (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu.

Wengi wetu pushapu tulikutana nayo kama adhabu. Umechelewa mstarini, piga ishirini. Umeongea darasani, piga kumi. Waliopita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), na ndugu zetu wa NYS, huduma ya vijana kwa taifa kule Kenya, wana hadithi ndefu zaidi. Adhabu inataka jambo moja tu: idadi itimie, uruhusiwe kuondoka. Ndiyo maana tumefika ukubwani na pushapu za namna hiyo hiyo. Kiuno kimebonyea, kidevu kinatangulia kutafuta ardhi, viwiko vimetanuka huku na huku, mtu anashuka robo na kurudi juu, kisha anatangaza hamsini. Nasimamia mazoezi ya asubuhi kwenye kiwanja cha mtaani kwetu na naliona hili mara kwa mara. Mtu wa hamsini, ukimwomba ashuke mpaka kifua kikaribie kabisa ardhi huku mwili umebaki mnyoofu, kumi na mbili zinamtosha. Upande wa pili yupo dada au mzee anayesema "mimi pushapu siziwezi", na ameamini hivyo miaka yote kwa sababu alionyeshwa aina moja tu, ile ya sakafuni, ikamshinda siku ya kwanza.

Hawa wawili tatizo lao ni moja. Hakuna aliyewaambia kwamba pushapu ina ngazi, na kwamba ngazi hiyo inapimwa kwa kimo cha mahali unapoweka mikono.

Nianze na mkao, maana huo haubadiliki, uwe ukutani au sakafuni. Viganja vikae vipana kidogo kuliko mabega, usawa wa kifua, si usawa wa uso. Tanua vidole na ukandamize kwa kiganja kizima pamoja na ncha za vidole. Uzito wote ukilalia kwenye kifundo cha mkono, kesho yake utakisikia. Kaza makalio. Narudia, kaza makalio, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu kila kitu: yakilegea tu, kiuno kinabonyea, na mgongo wa chini unabeba mzigo ambao ungepaswa kubebwa na tumbo. Tumbo nalo likaze kana kwamba mtu anataka kukupiga ngumi. Macho yatazame mbele kidogo ya vidole, shingo ifuate mstari wa mgongo. Mwenzako akikutazama kwa ubavuni, aone kisogo, mgongo, makalio na visigino vimenyooka pamoja.

Unaposhuka, viwiko virudi nyuma kwa mshazari, nyuzi kama 45 kutoka ubavuni. Vikitoka moja kwa moja pembeni, bega linabanwa kwa mbele, na ndiyo maana wapo wengi wanaosema pushapu "zimewaharibu bega". Shuka sekunde mbili au tatu ukivuta pumzi. Kifua ndicho kitangulie kufika, si pua, si kitovu. Tulia kidogo, kisha sukuma ardhi ukitoa pumzi. Ukifika juu usikate kazi: nyoosha viwiko, halafu sukuma kidogo tena mpaka mabapa ya mabega yatandazike kuelekea mbavuni. Chini ya kwapa kuna msuli unaolishikilia bapa la bega kwenye mbavu, na ule msukumo wa mwisho ndio kazi yake. Kifua na mikono kila mtu anaviona kwenye kioo. Huu hauonekani, lakini bega linautegemea sana.

Sasa ngazi. Watafiti wamewahi kuwapigisha watu pushapu juu ya mizani maalumu ya sakafuni ili kujua mikono inabeba kiasi gani. Pushapu ya kawaida ilikuwa takriban asilimia 64 ya uzito wa mwili. Ya magoti, 49. Mikono ikiwekwa juu ya kitu cha sentimita 60, mzigo unashuka hadi 41, na kwa sentimita 30 unakuwa 55. Ukigeuza mambo, miguu ikae juu sentimita 30, unapanda hadi 70, na kwa sentimita 60 unafika 74.

Chukua mtu wa kilo 80. Sakafuni anasukuma kilo 51 hivi. Kwa magoti, 39. Kutoka magotini hadi sakafuni ni kuruka kilo 12 kwa mkupuo, na hapo ndipo watu wanapokwama miezi na miezi. Lakini akianzia kwenye kitu cha sentimita 60 anasukuma kilo 33, akishuka kwenye kigoda cha sentimita 30 zinakuwa 44, na kati ya hapo kuna kila kimo unachotaka. Zaidi ya hapo, ukipiga pushapu za magoti mwili umefupishwa, tumbo na makalio yanapumzika, kwa hiyo siku ya kunyoosha miguu unaanza upya kujifunza kukaza. Sisemi magoti ni dhambi. Nasema mikono juu ya kitu ni njia bora zaidi, na kila nyumba inayo.

Anza ukutani, miguu ikiwa mbali na ukuta kidogo kupita urefu wa mkono. Kisha meza nzito, iegemee ukuta isiteleze. Kisha ukingo wa kitanda kigumu, au kwa watu wa pwani, baraza la nje, ambalo kimo chake utadhani lilijengwa kwa kazi hii. Kisha kigoda. Kisha ngazi za nyumba, unashuka kidato kimoja kimoja mpaka sakafuni. Kanuni yangu ni hii: ukipiga raundi tatu za pushapu 12, na ya mwisho ikafanana kabisa na ya kwanza, shuka kidato. Ukishindwa kufikisha tano safi, panda kidato. Raundi inaisha pale mkao unapovunjika, hata kama mikono bado ina nguvu. Siku tatu kwa wiki, ukiacha siku ya mapumziko katikati, zinatosha sana.

Karibuni kwa maswali.

Kijana wa Hosteli

Mkuu heshima yako. Nimesoma nikashuka chini hapa hapa chumbani nijipime. Huwa napiga 60. Kwa masharti yako nimeishia 19, mikono inatetemeka. Shida yangu ni kwamba najiandaa na usaili wa jeshi, na kule wanahesabu idadi. Nikianza kupiga taratibu hivi si nitaachwa?

Mkufunzi wa Uwanjani

19 safi ni msingi mzuri sana, kijana wangu, usizidharau. Huwezi kuachwa kwa kuwa na nguvu. Jeshi la nchi kavu la Marekani kwa miaka mingi lilipima pushapu za kawaida kwa dakika mbili. Lilipobadilisha mtihani wake miaka hii ya 2020, likaweka ile ambayo kila ukishuka unalaza kifua ardhini na kuinua viganja kabisa kabla ya kupanda. Kwa pushapu hiyo hakuna anayeweza kushuka robo.

Fanya hivi. Siku mbili za wiki piga sakafuni raundi nne au tano, kila raundi uishie ukiwa bado unaweza kuongeza mbili au tatu. Siku ya tatu weka mikono kwenye kigoda upige nyingi mfululizo, hapo ndipo unajenga pumzi na uvumilivu. Mara moja kila baada ya wiki mbili jipime kwa saa, dakika mbili, na uhesabu zile tu ambazo kifua kimeshuka. Weka kitabu chembamba sakafuni chini ya kifua: kisipoguswa, usihesabu. Siku ya usaili utaharakisha mwendo ukitaka, lakini huwezi kuazima nguvu siku hiyo.

Mama Pacha

Habari zenu kaka zangu. Mimi nina watoto wa miezi minane, nilijifungua kwa upasuaji. Kabla ya ujauzito nilikuwa nafanya mazoezi kidogo. Nikijaribu pushapu za magoti naona tumbo katikati linajitokeza tuta, na vifundo vya mikono vinauma. Niendelee au niache?

Mkufunzi wa Uwanjani

Hongera kwa malezi, dada. Kwanza hilo tuta. Wakati wa ujauzito misuli miwili ya mbele ya tumbo huachana katikati, na kwa wengine haijarudi karibu hata miezi mingi baada ya kujifungua. Ukiona tuta wakati unasukuma, ujue mzigo umezidi uwezo wa tumbo kwa sasa. Acha za magoti. Nenda ukutani, toa pumzi taratibu kila unaposukuma huku unavuta kitovu ndani, na utazame tumbo. Lisipojitokeza, hapo ni mahali pako, jenga hapo. Likitokeza hata ukutani, usilazimishe. Na kwa kuwa ulipasuliwa, nakuomba upitie hospitali akuone mtaalamu wa fiziotherapia. Ni tatizo wanalolijua na wana mazoezi yake.

Vifundo vya mikono navyo, ukiwa na watoto wawili wa kubeba kutwa nzima vimechoka tayari. Habari njema ni kwamba mikono ikiwa juu, kifundo kinapinda kidogo na kinabeba kidogo. Kwenye meza shika ukingo badala ya kulaza kiganja. Utakapofika sakafuni siku zijazo, unaweza kukunja ngumi juu ya taulo au mkeka uliokunjwa, kifundo kikae kimenyooka.

Maskani ya Likoni

Wacha niseme ukweli, hizi pushapu ni za kupasha mwili joto tu. Mtu akitaka kifua aende jimu akalale benchi asukume vyuma. Sijaona mtu amejenga kifua kwa kigoda cha mama.

Mkufunzi wa Uwanjani

Karibu ndugu yangu wa Likoni. Hoja yako ina upande wa kweli: ukiwa unapiga 40 safi kila siku bila kuongeza ugumu, msuli hauna sababu ya kukua. Lakini vyuma navyo ni hivyo hivyo, ukisukuma kilo zile zile mwaka mzima hukui. Msuli hautambui chuma wala ardhi, unatambua mzigo. Upo utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ambao kundi moja lilisukuma vyuma kwenye benchi na jingine likapiga pushapu likiwa limevaa mipira ya kuvutika mgongoni, mzigo ukalinganishwa. Baada ya wiki tano nguvu zao zilikuwa zimeongezeka kwa kiasi kinachokaribiana.

Kwa anayetaka kuongeza mzigo bila jimu, njia zipo nyingi. Begi la shule lenye chupa za maji, lita moja ni kilo moja, kwa hiyo unajua umeongeza kiasi gani. Lifunge vizuri juu ya mabega, lisishuke kiunoni. Mpira wa ndani wa baiskeli upitishe mgongoni, ncha zake uzikandamize kwa viganja. Miguu juu ya kigoda, kisha juu ya kitanda. Viganja viwili kukutana chini ya kifua, vidole gumba na vya shahada vikigusana, hapo msuli wa nyuma ya mkono utawaka. Kisha ile ya kuegemea upande mmoja, mkono mmoja unakunjika na mwingine umenyooka pembeni, ambayo ndiyo mlango wa kuingilia pushapu ya mkono mmoja. Mimi binafsi kabla ya hayo yote humwambia mtu ashuke sekunde nne, atulie chini sekunde mbili bila kulala, ndipo apande. Wengi wa pushapu 40 hapo hurudi kwenye 10.

Maskani ya Likoni

Hiyo ya kutulia chini nimeijaribu saa hii. Sawa, nimekubali ina moto. Nitaiweka kwa ratiba baada ya benchi.

Mzee Mstaafu

Kijana, nina miaka 63. Presha ninayo, nakunywa dawa na daktari anasema iko sawa. Wajukuu wangu wanacheka nikiwaambia nataka kupiga pushapu. Je, kwa umri huu kuna maana?

Mkufunzi wa Uwanjani

Shikamoo mzee wangu. Maana ipo kubwa, pengine kuliko kwa sisi vijana. Misuli hupungua kadiri umri unavyokwenda, na mikono yenye nguvu ndiyo inayomwinua mtu kitini na ndiyo inayomdaka akiteleza bafuni. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linataka watu wazima wote, na wazee wakiwemo, wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, mbali na kutembea.

Ombi langu la kwanza, mwulize daktari wako siku ya kliniki, umweleze ni zoezi gani hasa. La pili, anza ukutani na ukae hapo mpaka raundi mbili za 15 ziwe nyepesi, ndipo uende kwenye meza nzito. La tatu ndilo muhimu kupita yote kwa mwenye presha: usizuie pumzi hata mara moja. Mtu akibana pumzi huku anasukuma, presha hupanda ghafla. Hesabu kwa sauti kila unaposukuma, "moja", "mbili", maana anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi. Ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu, au maumivu yanayokwenda mkononi au tayani, acha papo hapo utafute matibabu.

Dereva wa Masafa

Nilisikia redioni kwamba ukiweza pushapu 40 huwezi kupata ugonjwa wa moyo. Ni kweli? Maana kazi yetu ni kukaa tu.

Mkufunzi wa Uwanjani

Hapo habari ilifika kwako imeongezewa chumvi. Utafiti upo, ulichapishwa 2019, ukafuatilia wanaume 1,104 wazimamoto wa jimbo la Indiana, Marekani, kwa miaka kumi. Waliokuwa wakiweza zaidi ya 40 walipata matatizo ya moyo na mishipa kwa kiwango cha chini mno, tofauti ya asilimia 96, ukiwalinganisha na walioshindwa kufikisha 11. Lakini wale ni wanaume tu, wazimamoto, wengi wa umri wa kati, na anayeweza pushapu 40 kwa kawaida ana mambo mengine mazuri pia: uzito wa wastani, mazoezi mengine, pengine havuti sigara. Pushapu zilikuwa kipimo cha afya waliyokuwa nayo tayari. Usizichukue kama chanjo.

Kwa kazi yako, kila unaposimama kupumzika, shika ukingo wa bodi ya gari au ukuta wa kituo upige raundi moja ya kumi safi. Raundi moja asubuhi, moja mchana, moja jioni, tayari umefanya kazi ya maana. Na utembee, dereva wangu. Moyo unahitaji miguu zaidi ya mikono.

Kijana wa Hosteli

Narudi tena mkuu. Kuna jamaa zangu wameanzisha shindano la pushapu 300 kwa siku moja, na wengine hawajawahi hata kufanya mazoezi. Vipi hapo?

Mkufunzi wa Uwanjani

Waambie waache, na hili naliandika kwa msisitizo. Mtu asiye na mazoezi akilazimisha msuli kiasi hicho kwa mkupuo, hasa kwenye joto na bila maji, nyuzi za msuli zinaweza kuvunjika kwa wingi na mabaki yake yakaingia kwenye damu. Figo ndizo zinazoumia. Dalili ni mikono kuvimba na kuuma kupita kiasi, kushindwa kukunja au kunyoosha viwiko, na mkojo kuwa na rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi. Ukiona mkojo wa hivyo baada ya mazoezi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Imetokea kwa wanafunzi, wanamichezo na makuruta waliopewa adhabu za idadi kubwa. Walimu na makamanda mnaosoma hapa, tafadhali lizingatieni.

Na kwa ninyi mnaopiga pushapu peke yake kila siku, ongezeni zoezi la kuvuta. Kusukuma bila kuvuta kunayavuta mabega mbele. Mwamba wa goli upo, tawi imara la mwembe lipo. Asiyeweza kujivuta juu ajilaze chali chini ya meza nzito, ashike ukingo wake, avute kifua kuelekea mezani. Idadi ya kuvuta ikaribiane na ya kusukuma.

Mama Pacha

Asante sana kaka, nimeanzia ukutani na tuta halionekani. Nitakwenda hospitali wiki ijayo. Na je, zitasaidia kupunguza tumbo?

Mkufunzi wa Uwanjani

Nafurahi kusikia. Kuhusu tumbo, pushapu haziyeyushi mafuta ya sehemu moja, wala hakuna zoezi linaloweza. Mafuta hupungua mwili mzima kwa mlo na mwendo wa jumla. Zitakalokupa ni nguvu ya kubeba hao wawili bila mgongo kulalamika.

Fundi Seremala

Mimi nimekwama hatua ya mwisho. Kwenye kigoda napiga 14 safi. Sakafuni napata moja, ya pili kiuno kinabaki nyuma, kifua kinatangulia kupanda. Nifanyeje?

Mkufunzi wa Uwanjani

Fundi, wewe uko mlangoni kabisa. Kiuno kinachobaki nyuma kinaonyesha kifua na mikono vimeshafika, tumbo na makalio bado. Mambo mawili.

Kwanza, una mbao: tengeneza kimo cha katikati. Sentimita 20, kisha 10. Kigoda hadi sakafu ni mbali kwako kwa sasa, zipe nafasi hizo mbili.

Pili, shuka bila kupanda. Kaa mkao wa juu sakafuni, miguu imenyooka, makalio yamekazwa, ushuke polepole sekunde tano mpaka kifua kiguse. Ukifika chini weka magoti, rudi juu kwa magoti, nyoosha miguu, shuka tena. Tano za hivyo, raundi tatu, mwisho wa mazoezi yako ya kawaida. Mwili una nguvu zaidi unapoteremsha mzigo kuliko unapoupandisha, kwa hiyo utaubeba mzigo wa sakafuni kabla hujaweza kuusukuma. Kiuno kikianza kubonyea kabla hujafika chini, raundi imeisha, hata kama ni ya tatu. Jaribu ile ya kupanda siku ukiwa hujachoka, mwanzoni kabisa, na umwombe mtu akurekodi kwa simu kutoka ubavuni. Weka video hapa tuitazame.